Leva ya breki ifike vidoleni: barua ya wazi kwa waagizaji na waunganishaji wa pikipiki

Kwa waagizaji, waunganishaji na wauzaji wa pikipiki nchini Tanzania
Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

Ndugu zangu,

Nawaandikia kuhusu leva ya breki ya mbele, ile ya mkono wa kulia. Kwenye pikipiki nyingi za kazi mnazotuletea, ziwe zimetoka India au China, leva hiyo imekaa mbali na mpira wa kushikia kuliko vidole vya madereva wengi vinavyoweza kufika, na haina skrubu wala kitu chochote cha kuisogeza karibu. Mwenye kiganja kikubwa hana hata habari kwamba shida hii ipo. Mwenye kiganja kidogo anahangaika nayo kutwa nzima barabarani, na siku ya dharura ndiyo inayoamua kama atasimama au atagonga.

Mimi ni mwalimu wa udereva wa pikipiki, Korogwe. Ninaowafundisha ni watu wa kila namna: vijana wanaoanza bodaboda, wauguzi wa zahanati, maafisa ugani, akina mama wenye biashara ya mboga waliochoka kulipa nauli kila siku ya gulio. Kabla sijamruhusu mwanafunzi kuwasha injini, namkalisha juu ya pikipiki iliyopigwa stendi ya katikati, namwambia ashike usukani kama anayeendesha, macho mbele, kisha avute breki ya mbele. Natazama vidole tu. Mwenye mkono mkubwa, leva inakaa kwenye pingili ya pili ya vidole, pale penye nguvu, na kiganja hakitoki kwenye mpira. Mwenye mkono mdogo anaigusa kwa ncha. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vinafika kwa kujinyoosha, kile cha mwisho kinaning'inia hewani. Nikimwambia avute kwa nguvu, anafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu: anakiondoa kiganja kwenye mpira, anakisogeza mbele, anaidaka leva, ndipo anavuta. Yaani wakati ule anapouhitaji usukani kuliko wakati mwingine wowote, mkono wake wa kulia umeshauachia nusu.

Wapo wasiokiondoa kiganja, ila wanakunja kifundo cha mkono. Hao nawahofia zaidi, kwa sababu mpira wa kulia ndio wa mafuta. Kifundo kikishuka wakati wa kuvuta, mafuta yanafunguka, na pikipiki inasukumwa na injini huku inazuiwa na breki. Mwanafunzi anashangaa kwa nini chombo kimegoma kusimama.

Mwisho wa yote ni kwamba mtu huyu anaizoea breki ya mguu peke yake. Piteni kwenye kijiwe chochote cha bodaboda muulize, mtawasikia wakisema breki ya mbele inaangusha. Inaangusha mtu ambaye hajawahi kuivuta taratibu na kwa uhakika, kwa sababu mkono wake haujawahi kuishika vizuri. Pikipiki inapofunga breki, uzito unahamia mbele: tairi la mbele linakandamizwa ardhini, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na tairi la nyuma likibanwa peke yake huteleza upesi, mkia ukayumba. Abiria akipanda, uzito wa nyuma unaongezeka na breki ya mguu inapata nguvu kidogo, hilo nakubali. Lakini hata hapo, anayekosa breki ya mbele anasimama mbali zaidi na pale alipokusudia. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Nusu sekunde ya kuitafuta leva ni mita 7, upana mzima wa lami ya njia mbili, zimekwenda bila breki ya mbele kugusa kitu.

Mnaoifahamu barabara ya Lushoto kushuka Mombo mtanielewa upesi. Inateremka takriban mita 1,000 kwa kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule. Dereva anashuka na abiria, na mara nyingi gunia la kabichi limefungwa juu ya keria. Gia ya chini inamsaidia, lakini kila kona inataka breki. Mwenye kiganja kikubwa anaacha vidole viwili vimelala juu ya leva njia nzima na hasikii kitu. Mwenye kiganja kidogo inabidi avinyooshe vidole na kuvishikilia hivyo hivyo, na akifika Soni, bado yuko njiani, vimekwisha kufa ganzi. Kuanzia hapo anategemea mguu tu. Breki ya nyuma ikifanya kazi peke yake mteremko wote, dramu inapata moto na kutanuka, breki shuu zinapungua kushika, pedali inazidi kuzama. Asubuhi za baridi wanavaa glavu nene za sufi, na glavu hizo zinakula hata ule urefu mdogo wa vidole waliokuwa nao.

Tatizo linaanzia kwenye vipimo. Mwaka 1988 Jeshi la Marekani lilipima viungo vya maelfu ya askari wake, na wahandisi wa vyombo vingi wamevitumia vipimo hivyo tangu wakati huo. Urefu wa kiganja, kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, ulikuwa kwa wastani takriban sentimita 19.4 kwa wanaume na sentimita 18 kwa wanawake. Tofauti hiyo ukiitazama kwenye rula ni ndogo. Ukiitazama kwenye leva, ndiyo inayotenganisha kushika kwa pingili ya pili na kugusa kwa ncha. Na huo ni wastani tu, maana yake wapo wengi walio chini yake. Kiganja changu mimi ni sentimita 16 na nusu. Wanafunzi wangu wengi wa kike wako jirani na hapo, na vijana wa kiume wembamba wapo pia. Kwa hiyo nawaomba msiliweke jambo hili kwenye kapu la mambo ya akina mama mkalifunika.

Niwaeleze sasa watu wanavyojiokoa wenyewe, maana hamko hapo wanapofanya.

Njia mbaya kuliko zote ni moto. Dereva anaifungua leva, anampelekea fundi, fundi anaiweka kwenye mkaa ili aipinde iingie ndani. Kingekuwa chuma, angejua wakati wake: kingeiva kikawa chekundu, akakipinda. Alumini haimwonyeshi wekundu ule. Ikiwa safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, na fundi anayengoja rangi anangoja ishara isiyokuja. Ama leva inalegea ghafla kwenye koleo, ama anaitoa mapema, anaipinda ikiwa bado ngumu, inapata ufa mwembamba karibu na tundu la bolti yake. Ufa huo ukiingia vumbi na grisi hauonekani tena. Leva itavutwa miezi mingi bila neno, halafu siku mtoto amekatiza barabara, dereva akaivuta kwa nguvu zake zote, inakatikia pale pale. Ninazo leva za namna hiyo kwenye sanduku ninalofundishia. Ukizitazama pale zilipovunjika unaona sehemu mbili: moja nyeusi, iliyokuwa imechanika zamani, na nyingine inayong'aa, ya siku yenyewe. Kwa baadhi yake sehemu nyeusi ni zaidi ya nusu. Wenye leva hizo walikuwa wakiendesha huku leva yao imebaki na nusu ya unene wake.

Wengine wanalegeza waya. Hii inadanganya kwa sababu mwanzoni inaonekana imeponya. Leva bado imesimama pale pale mbali, ila inakuwa nyepesi kuanza, kwa hiyo ncha za vidole zinaweza kuisogeza mpaka mahali pa kuishika. Lakini mwendo wa leva una kikomo. Breki shuu zikilika kidogo tu, leva inagonga mpira kabla breki haijashika sawasawa, na dereva anakuwa amevuta mpaka mwisho bila kusimama. Na wapo wanaouzungushia mpira wa kushikia vipande vya tyubu ili mkono usiteleze kwa jasho. Kila unene wanaouongeza pale wanaupunguza kwenye urefu wa vidole vyao.

Dawa yenyewe ni ndogo mno, na hili ndilo linaloniuma. Ni skrubu moja fupi na nati yake ya kuikaza, inayopita kwenye kile kishikio kinachofunga leva kwenye usukani, ikaisukuma leva iingie ndani kidogo hata ikiwa imepumzika. Ukishaisogeza, unarekebisha waya upya, ubaki ule ulegevu mdogo ambao kitabu cha pikipiki kinautaka. Kisha unavuta kwa nguvu zote na kuangalia: kati ya leva na mpira lazima ibaki nafasi ya kidole. Basi. Baiskeli nyingi za watoto zina skrubu hiyo kwenye leva zake. Pikipiki kubwa za bei mbaya zina kigurudumu chenye namba, mwenyewe anakizungusha kwa vidole vyake na leva inasogea. Mtoto anayezunguka uani amefikiriwa, tajiri anayetalii kwa pikipiki amefikiriwa. Aliyesahauliwa ni huyu anayebeba watu kwa ajili ya kula.

Kwenye breki za diski jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, na hapo ndipo linapowahusu ninyi na viwanda vyenu kuliko fundi wa kijiweni. Leva ya diski inasukuma pistoni ndogo inayosukuma mafuta ya breki. Mtu akiisogeza leva kwa kuibana na kipande cha kitu, pistoni inabaki imesukumwa kidogo muda wote na mafuta hayapati njia ya kurudi. Yakipata joto yanatanuka, pedi zinaanza kubana zenyewe, na tairi linaweza kujifunga dereva akiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo kirekebishio cha diski kinatakiwa kitoke kiwandani, kikae kati ya leva na pistoni, na kiache nafasi yake. Msituachie tukibuni barabarani.

Kanuni Namba 78 ya Umoja wa Mataifa, ile ya breki za pikipiki, inataka dereva aweze kuitumia breki akiwa amekaa mkao wa kawaida wa kuendesha, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye usukani. Lisomeni sharti hilo huku mkimkumbuka yule mwanafunzi anayekitoa kiganja kwenye mpira ili aifikie leva. Kwake yeye, chombo hicho hakitimizi hata lengo la sharti lenyewe. Katika kupima uwezo wa breki, nguvu ya mkono haitakiwi kuzidi nyutoni 200, kama uzito wa kilo 20 hivi, na inapimwa leva ikivutwa sentimita 5 kutoka nchani. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba breki ina nguvu. Hakionyeshi kwamba binti mwenye kiganja kidogo ataifikia.

Ndiyo sababu nakala ya barua hii nimeipeleka TBS. Ninachowaomba ni sharti moja tu katika viwango vya pikipiki mpya: leva za breki na klachi ziwe na kirekebishio cha kiwandani cha kuzisogeza karibu na mpira au mbali nao. India walipoamua, iliwezekana. Tangu Aprili 2019 pikipiki mpya za hadi cc 125 zinauzwa huko zikiwa na breki zilizounganishwa, ya mbele na ya nyuma zikishirikiana, na zinazozidi hapo zina mfumo wa kuzuia tairi kujifunga. Hilo lilikuwa badiliko kubwa na la gharama kuliko skrubu ninayoisema, na viwanda vilitii kwa sababu nchi ilisema. Nasi tununuao kwao tunayo haki ya kusema.

Najua jibu litakalokuja kwanza: wateja hawajalalamika. Ni kweli, kwa sababu anayenunua siye anayeendesha. Pikipiki ya bodaboda mara nyingi hununuliwa na tajiri, halafu anapewa kijana au binti anayeleta hesabu jioni. Tajiri dukani anauliza inakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana, akiiuza baada ya miaka miwili atapata ngapi. Hana sababu ya kuuliza habari za vidole. Serikali nayo, ilipogawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani mwaka 2022, iliwafanyia wakulima jambo jema, na nimewaona maafisa hao wakifika vijiji ambavyo zamani walikuwa wakivisikia tu. Lakini ununuzi wa jumla unachukua umbo moja kwa wote, na afisa ugani mfupi anayekabidhiwa ufunguo anaichukua ilivyo, akishukuru. Malalamiko hayajawafikia kwa sababu mwenye malalamiko hakuwepo mlipokuwa mnapatana bei. Nimewaandikia ili sasa yawafikie.

Kiwanda kitachukua muda, naelewa. Yapo ambayo hayamngoji mtu. Pikipiki nyingi zinakuja kwenye makasha zikiwa vipande, na mafundi wenu ndio wanaofunga usukani na leva zake. Waambieni wasikaze kishikio cha leva pale kilipoangukia. Kikizungushwa ili leva ifuate mstari wa mkono wa aliyekaa, kifundo hakikunjiki tena. Kikisogezwa ndani kuelekea katikati ya usukani kwa sentimita moja au mbili, pale nafasi inaporuhusu, ncha ya leva inakuja chini ya vidole vyenye nguvu, na kuvuta nchani kunataka nguvu ndogo kuliko kuvuta karibu na bolti. Hiyo ni kazi ya spana ndogo na dakika chache. Haimalizi tatizo kwa mwenye kiganja kama changu, lakini tofauti yake mwanafunzi anaisikia papo hapo, kabla hata hajashuka.

Mteja akija kuchukua pikipiki, mwulizeni nani ataiendesha, na kama yupo, mkalisheni juu yake mtazame vidole vyake kama ninavyotazama mimi. Kwenye maduka yenu ya spea wekeni leva fupi zilizopindwa kiwandani, zinazolingana na pikipiki mnazouza, ili anayekwenda kwa fundi wa mkaa awe na mahali pengine pa kwenda. Wekeni na mipira myembamba ya kushikia. Na kile kitabu kinachokuja na pikipiki, ambacho wengi wanakikuta kwa Kiingereza, kipateni kwa Kiswahili, chenye ukurasa wa namna ya kurekebisha leva na waya. Klachi msiisahau: waya wake ukikauka, mkono mdogo ndio unaoteseka kwanza, na matone machache ya oili yanabadilisha siku nzima ya mtu aliye kwenye foleni.

Hili halitapita lenyewe na wakati. Pikipiki za umeme zimeanza kuingia, nyingi hazina klachi, na kwa baadhi leva ya kushoto imekuwa ya breki ya nyuma, hakuna pedali ya mguu. Kwa chombo kama hicho breki zote ziko mikononi. Yule aliyekuwa akijiokoa kwa mguu hatakuwa na pa kukimbilia. Afadhali lishughulikiwe sasa, kabla nazo hatujazizoea zilivyo.

Kwa madereva watakaoisoma barua hii: leva yako usiipeleke motoni, na iliyowahi kupindwa kwa moto ibadilishe. Ukinunua au ukikabidhiwa pikipiki, kaa, shika, vuta, na kama huifikii leva, sema hapo hapo mbele ya muuzaji au mwajiri wako. Si uzembe wako wala si udhaifu wa mkono wako.

Na kwenu waagizaji na waunganishaji: ninyi ndio mnaokaa na viwanda mezani, mnachagua rangi, keria, tairi na taa. Viwanda vinawasikiliza. Mtakapoandika oda ijayo, iandikeni na skrubu hiyo, na mkubali kuilipia.

Wenu katika usalama wa barabarani,

Mwalimu wa udereva wa pikipiki, Korogwe